Picha Alizonihadithia Kaka Bakari

Enzi zetu picha haikuishia kwenye banda la video. Aliyeiona alirudi nayo nyumbani mdomoni, akatuhadithia sisi tusioiona, na mara nyingi ile ya mdomoni ndiyo iliyokuwa tamu zaidi. Wa rika langu mnajua ninachosema. Mliokulia Tanga, Dar au Unguja mtakumbuka jinsi mtoto mmoja alivyosimama uani akawa polisi, jambazi, gari na bunduki kwa wakati mmoja, mate yakimruka. Nayaleta haya leo kwa sababu nina mtoto wa miaka kumi na mitano, hapa Johannesburg, anayetaka kuwa kama mjomba wake, na mjomba wake alitaka kuwa kama watu wa picha.

Sisi wasichana hatukuruhusiwa kukanyaga bandani. Lilikuwa la mabati, limezibwa kwa magunia ili mwanga usiingie, na mama alisema humo ndani mna wavuta bangi na viroboto, akaviweka sawa vyote viwili. Kaka yangu Bakari, aliyenizidi miaka mitatu, hakukosa hata picha moja. Basi tukawa na mapatano yetu. Ijumaa nilimfulia sare za shule na kumchotea maji yaliyokuwa zamu yake. Jumamosi asubuhi alinikuta nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, akapindua ndoo, akaketi, akaanza.

Alipenda picha za majambazi wa Kimarekani. Za Kihindi alisema ni za kulia, akatuachia wanawake. Wamarekani wake walivaa kofia na makoti marefu, walikula tambi migahawani macho yakiwa mlangoni, walitisha watu bila kupaza sauti. Kiingereza cha Bakari kilikuwa cha darasa la sita, kwa hiyo maneno aliyatunga mwenyewe. Jambazi wa Chicago, kwa kinywa cha kaka yangu, aliongea Kiswahili cha Ngamiani, mtaani kwetu Tanga: "We bwana, ukinichezea utaniona mbaya!" Halafu bunduki, twa-twa-twa-twa, maadui chini, kuku wa mama mbio. Nilicheka mpaka nazi ikamwagika.

Na kila picha iliisha vizuri. Kanuni tuliijua watoto wote: steringi hafi. Apigwe hata risasi kumi, atainuka, atajipangusa vumbi, atapanda meli na mchumba wake. Mama alipita na ungo wake wa mchele akasema, "Bakari, hao wanalipwa kuanguka. Wewe ukianguka utalipwa na nani?" Tukamcheka. Tulimwona mama hajui picha.

Nimekuja kusoma habari za picha hizo ukubwani, kwenye simu, nikisubiri wateja kwenye kibanda changu cha ushonaji hapa Malvern. Kumbe wale wa kofia walikuwa na kisa chao. Wengi walikuwa watoto wa wahamiaji, watu walioshuka melini na masanduku yaliyofungwa kamba, wakapanga vyumba vya kubanana, wakaitwa wezi kabla hawajaiba kitu. Serikali ikapiga marufuku pombe, wao wakauza pombe. Kisha kazi zikapotea nchi nzima, watu wakapanga foleni za supu, na kwenye sinema wakamwona kijana wa mtaani kwao aliyekataa kupanga foleni. Wakampenda. Wakubwa waliogopa mapenzi hayo, na watengenezaji wakabanwa kwa masharti: jambazi asimalize picha akicheka, lazima anyongwe, afungwe au auawe. Hapo mimi nilibisha peke yangu kibandani. Nilimwona mwandishi hakuzitazama picha zenyewe. Mimi niliyezijua zote nilijua kwamba wanapanda meli.

Miaka ilivyokwenda masharti yalilegea, zikaja za rangi, zenye unga wa kulevya na mabwawa ya kuogelea, kisha za vijana weusi wa mitaa iliyotelekezwa, wakiuana kona kwa kona. Nayasoma hayo nikiwa hapa Jules Street, barabara ya kibanda changu, ambako mimi pia ni mgeni, na mwenye nyumba akipotelewa na kufuli anaanza kugonga milango ya Watanzania na Wakongo. Hakuna aliyetuchezesha picha, lakini nafasi ya jambazi tumeshapewa.

Bakari alinitangulia kuja huku. Alirudi Tanga mara moja tu, amevaa koti la ngozi kwenye joto la Februari, ametanua mabega, anagawa viatu kwa binamu. Alisema anauza magari. Hakuna aliyemuuliza anayanunua wapi. Mama alipokea khanga zake, akaziweka kabatini, hakuvaa hata moja.

Baada ya miaka miwili rafiki yake akatupigia simu. Bakari na wenzake wawili walikwenda kuiba kwenye duka moja Kensington, mchana kweupe. Yeye ndiye aliyefyatua kwanza. Mlinzi wa duka, Mkongo, alifia pale mlangoni. Polisi walimkuta Bakari mbele kidogo, anakimbia kuelekea kwenye robot, kama wanavyoziita huku taa za kuongozea magari, wakampiga risasi. Nilipofika walikuwa wameshamzika. Nilikuja kuchukua mali zake, nikakuta chumba kimoja Bellevue, kwenye nyumba ya zamani iliyokatwakatwa kwa mbao, godoro, na makoti manne. Nikabaki. Niliolewa, nikazaa, nikaachika.

Huyo niliyemzaa ndiye Salim. Kiswahili anakielewa, ila anajibu Kiingereza au Kizulu. Filamu anatazama kwenye simu, masikio kayaziba, na sehemu inayomchosha anairuka kwa kidole. Picha ya saa mbili anaimaliza kwa dakika ishirini. Ukimuuliza ilihusu nini anasema, "Ilikuwa sharp, Ma." Kizazi hiki hakiwezi kukuhadithia hata paka aliyegongwa na gari.

Mimi lakini nilimhadithia. Tangu mdogo nilimwambia mjomba Bakari alikuwa mfanyabiashara wa magari, mtanashati, mtu wa watu, aliyefariki kwa homa. Sikutaka akue na damu ile kichwani. Nilimwambia kwa ufundi wa uani kwetu, nikaona macho yake yanavyong'aa, nikaongeza chumvi. Mwaka huu ameanza kutembea ametanua mabega. Anaomba koti la ngozi. Anakaa na vijana ambao hawana kazi ila wana viatu vipya kila mwezi. Nilijua itabidi nimwambie ukweli, na kila siku niliahirisha.

Jumapili iliyopita, baada ya chakula cha mchana, televisheni ilionyesha picha moja ya zamani, haina rangi. Nilikuwa napindisha sketi ya mteja. Nikamsikia mtu anatisha mwenzake kwa sauti ya chini, nikainua macho, nikaona kofia, nikaona sahani ya tambi. Sikuwahi kuiona maishani, na niliijua yote. Nilimwambia Salim nani atasaliti, nani atajificha wapi.

"Ma, umeiona hii?"

"Sijaiona. Naijua."

Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi akaweka simu chini, akaketi karibu yangu. Tukafika kwenye ngazi. Mtu wa kofia akapigwa risasi, akabingirika ngazi hadi ngazi, mvua inamnyeshea. Nikamshika mwanangu mkono nikamwambia, "Subiri, atainuka." Majina ya waigizaji yakaanza kupanda. Hakuinuka.

Bakari aliiona. Alikaa kwenye benchi la banda, akamwona anakufa, kisha akatembea hadi nyumbani akimtafutia mwisho mwingine. Sijui alinionea huruma mimi au alijionea huruma yeye. Nilimchukia pale pale, kaka yangu niliyempenda kuliko watu wote, nikalia kama mtoto.

"Eish, Ma," Salim akasema, "si ni muvi tu."

Nikazima televisheni, nikamwambia. Duka, bunduki, mlinzi, robot, makoti manne. Nilimwambia homa ilikuwa uongo wangu mimi mwenyewe. Nilijiandaa kwa maswali ambayo sisi tungeuliza: bunduki gani, polisi walikuwa wangapi, alikimbia umbali gani.

"Na huyo security," akasema, kwa Kiswahili. "Anaitwa nani?"

"Sijui."

"Alikuwa na watoto?"

"Sijui, baba."

"Uncle ameua mtu, Ma, na wewe hujui jina lake?"

Aliingia chumbani, akafunga mlango taratibu, na ningefurahi kama angeubamiza.

Enzi zetu tulizijua picha hata tusizoziona. Tuliijua idadi ya risasi, tuliyajua magari, tulishangilia maadui walipokuwa wakianguka, na kati ya wote walioanguka hatukuuliza jina la hata mmoja. Watoto wa leo, tunaowacheka kwamba hawajui kutazama, mmoja wao ameuliza. Nina miaka kumi na minane katika mji huu. Kensington naenda kwa miguu. Wanawake wa Kikongo ndio wateja wangu wakubwa, nawashonea magauni ya kanisani, wananisimulia habari za waume zao, walio hai na waliokufa. Pengine mjane wa yule mlinzi nimeshampima kiuno, tukacheka pamoja, akachukua gauni lake, akanishukuru, akaenda zake.