Mwaka Nilioiacha Mashine Ishike Kutu

Mume wangu alinivunja mkono wa kulia mwezi wa saba, wiki ile tulipomaliza kuipulizia kahawa dawa, na sababu yake ni kwamba wanaume walicheka kwenye kiwanda cha kahawa.

Tulikuwa na mashine ya kupulizia dawa, ya kubeba mgongoni, yenye injini ndogo ya petroli na bomba refu jeusi. Ilikuwa miaka ya sabini. Ugonjwa wa kuozesha kahawa ingali mtini ulikuwa umefika kwetu Mukurweini, na wengi walikuwa bado wanahangaika na pampu za mkono. Mume wangu aliinunua kwenye shamba la mzungu mmoja aliyekuwa akihama. Aliipenda kwa kelele yake. Kuitunza hakukumhusu. Ikikataa kuwaka aliipiga teke, kama alivyonipiga mimi, na mara nyingi ilikuwa siku moja: kwanza mashine, kisha mimi.

Aliyenifundisha kuitunza alikuwa fundi wa Majengo, Nyeri mjini, mzee Mwislamu ambaye kofia yake nyeupe ilikuwa imegeuka kijivu kwa oili. Mume wangu alipoipeleka kwake mara ya kwanza aliniacha niilinde, naye akaenda baa. Nilikaa juu ya debe tangu asubuhi. Mzee yule alichoka na ukimya wangu, akaanza kunieleza kazi yake.

"Injini hii si kama ya lori, mama," aliniambia. "Lori lina oili yake tumboni. Hii haina. Oili yake inakuja na petroli, kila inapokunywa. Ukiizima ukaiweka miezi sita, ile oili inateremka, chuma kinabaki uchi. Na huko kwenu ukungu ni mwingi."

Akanionyesha la kufanya. Kwanza kuosha dawa yote, kwa sababu ile dawa ya buluu inakula chuma. Kumwaga petroli ya tangi, kisha kuiwasha imalize iliyobaki ndani mpaka izimike yenyewe. Kufungua plagi, kutia kijiko cha oili safi katika tundu lake, na kuvuta kamba polepole mara tano au sita ili oili ipake silinda. Plagi ikisharudishwa, kuvuta tena kidogo kidogo mpaka usikie kamba inakataa. Hapo pistoni iko juu, imeziba matundu ya silinda, na unyevu hauna pa kupitia. Mwisho, kuziba mdomo wa moshi kwa kitambaa chenye oili na kuiweka mashine pakavu. Alinifanya nirudie yote mbele yake. Nilipovuta kwa nguvu mno alinizuia mkono. Kamba ikikataa, alisema, acha hapo hapo.

Miaka mitatu niliiweka hivyo, na miaka mitatu, msimu ulipofika, iliwaka mara ya pili ya kuvuta. Majirani walianza kuniuliza habari za mashine zao. Niliwajibu nilichojua.

Siku ile kiwandani tulikuwa tumepeleka kahawa ya msimu mdogo. Mtu mmoja alimuuliza mume wangu mashine yake inawezaje kuwaka kila mwaka ilhali za wengine zinakufa. Kabla hajajibu, mwingine alimwambia ati amuulize bibi, fundi ni bibi. Walicheka wote. Mimi pia nilicheka kidogo, nikiwa nimeinamia gunia, na aliniona.

Alitangulia kurudi nyumbani. Nilipoingia kwenye boma alikuwa amesimama kando ya gogo la kupasulia kuni, ameshika mpini wa jembe. Nilidhani atanipiga mgongoni kama siku zote, nikajikunja. Badala yake alinikamata kifundo cha mkono, akaubana mkono wangu juu ya gogo kwa goti lake, akapiga. Nilisikia mfupa kabla sijasikia maumivu. Alinipiga tena begani na mara mbili mbavuni nikiwa tayari nimelala chini.

"Sasa tuone utavuta kamba na nini," alisema.

Mama mkwe wangu, aliyekuwa akiishi ng'ambo ya boma, alinikuta hapo. Alinifunga mkono kwa vijiti na vipande vya leso, akanipeleka kwa miguu hadi hospitali ya misheni. Njia nzima hakumtaja mwanawe. Yeye mwenyewe hakuwa na meno mawili ya mbele. Yaliondolewa na ngumi ya marehemu mumewe, na kila mtu alilijua hilo. Nilimchukia kwa ukimya wake. Niliona kwamba kwake yaliyonipata ni mambo ya kawaida ya ndoa.

Mashine ilisukumwa kwenye kibanda cha zamani cha mbuzi, na petroli yake ndani, na dawa ya buluu imegandia kila mahali.

Sasa niseme jambo ambalo sikumwambia mtu kwa muda mrefu. Mkono mmoja ungetosha. Ningeweza kumwomba mama mkwe anisaidie, nimwambie hapa fungua, hapa tia oili. Ni kazi ya nusu saa. Kila asubuhi nilipita karibu na kile kibanda nikienda kukamua, na kila asubuhi niliamua upya kutoigusa. Mwezi wa nane ukungu ulikaa juu ya migomba mpaka adhuhuri, na nilifurahi. Nilijua unyevu unaingia wapi. Niliwaza chuma kikiota wekundu mle ndani, nikawaza ni mume wangu. Mkono wangu ulipona ukiwa umepinda, vidole viwili havikukunjika tena, na mashine ilikuwa bado pale.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata, maua ya kahawa yalipoanguka, mume wangu aliitoa. Ilikuwa asubuhi yenye jua. Aliijaza petroli mpya, akavuta kamba. Haikusogea hata kidogo. Aliikanyaga kwa mguu mmoja akavuta kwa mikono miwili, kamba ikakatika, naye akaanguka chali kwenye matope. Aliinuka, akafungua plagi, akachokoa tunduni kwa kijiti. Kilitoka chekundu kama udongo wetu. Alikitazama, kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nikifua.

"Ulijua itakuwa hivi," alisema.

Ningeweza kukana. Nilichoka kukana. "Nilijua," nikamjibu.

Alichukua panga lililokuwa ukutani. Pigo la kwanza lilinipata kwa ubapa, sikioni, nikaanguka juu ya karai la nguo. La pili lilikuwa la makali. Niliinua mkono ule ule uliopinda na likaniingia hapa chini ya kiwiko, ambapo kovu lipo hadi leo. Niliona damu ikienda kwenye povu la sabuni. Aliinua mara ya tatu.

Sikumwona mama mkwe akija. Alikuwa akilima viazi nyuma ya jikoni, na jembe lilikuwa mkononi mwake. Alimpiga gotini kwa kisogo cha jembe, pigo moja kutoka pembeni, na mguu ukaenda upande ambao mguu hauendi. Mwanawe alipiga yowe akaanguka. Alipojikokota kulifikia panga, mama alimpiga kwenye vidole, kisha akalikanyaga panga kwa mguu wake mtupu.

Alikuwa akihema, lakini sauti yake haikutetemeka. "Baba yako alinipiga miaka ishirini, nikakulea ukitazama," alimwambia. "Hilo lilikuwa kosa langu. Wewe hutamlea mtu hivyo."

Majirani walimbeba hadi hospitalini. Huko alisema kwamba aliteleza kwenye matuta. Askari wa chifu alipokuja, mama mkwe alimweleza mambo yote kama yalivyokuwa, hakupunguza lolote, naye mwanawe akasema mama amezeeka, akili inamtoka. Hakuwa tayari kuandikwa mahali popote kwamba alivunjwa na mwanamke mwenye mvi. Basi ikaishia hapo.

Alirudi na mkongojo. Hakunipiga tena. Sitasema ilikuwa majuto. Goti lake halikukunjika tena, na mama yake alilaza jembe mlangoni pake mwenyewe. Mwaka uliofuata alienda Nanyuki kuwa mlinzi kwenye ranchi, akawa anakuja Krismasi, kisha hata Krismasi akaacha.

Mashine niliipeleka mwenyewe Nyeri. Fundi aliifungua mbele yangu. Alinionyesha beringi zilizoshikana na ukuta wa silinda uliojaa mashimo madogo. Aliuliza ni nani aliyeiweka vile baada ya yote aliyonifundisha. Nilimwambia aliiweka mume wangu, lakini niliyeiacha ni mimi. Alitazama mkono wangu, na kovu lililokuwa bado jipya, akachukua zana zake. Silinda aliisugua, beringi akabadilisha. Kisha akafunga kamba ndefu zaidi, yenye kitanzi kipana, akakaa nami mpaka nikaweza kuvuta kwa mkono wa kushoto.

Watu wa kwetu walimsifu mama mkwe, hasa wanawake. Kila walipoanza aliondoka. Wiki zile mwanawe alipokuwa amelala na mguu umefungwa, alimpikia kila siku, na kila siku sahani ilirudi haijaguswa. Nilimsikia akilia jikoni akidhani moshi unamficha.

Siku moja tukichuma kahawa, mstari mmoja, yeye upande huu na mimi upande ule, nilijaribu kumshukuru. Hakuinua kichwa.

"Usinishukuru," alisema. "Yule kiwete ni mwanangu."

Aliendelea kuchuma, nami nikachuma, mpaka tukamaliza mstari.