Droo Niliyoiacha Madhabahuni

Vijana wanaoniletea suruali za kupunguzwa hapa Kibomet, mtaa wa Kitale, wanapenda kukaa kwenye benchi yangu wakibishana kuhusu dini. Mmoja wao, mwendesha boda, husema kanisa ni biashara tu kama ile ya mitumba. Mwenzake humjibu kwamba bila kanisa tungekuwa tunakulana kama mbwa. Halafu wananigeukia. "Mathe, wewe unasemaje?" Mimi huwa na pini mdomoni, kwa hivyo sisemi kitu. Nilifika darasa la tano, na hilo ni swali la watu waliosoma, ingawa sijaona kama limewashinda kidogo kuliko mimi. Ninachokijua ni cherehani moja na droo yake, na mahali zilipo leo.

Waliokosea nitawataja. Majina nayaacha, maana wana watoto na watoto hawakunikosea, lakini wakisoma watajijua. Ni mzee wa kanisa ambaye alikuwa jirani yangu, na ni mchungaji wake.

Tulikuwa tunaishi mbele kidogo ya Naitiri, mimi, mume wangu na msichana wetu mdogo. Baba mkwe alitoka upande wa kati wa nchi akanunua shamba pale zamani, na mume wangu alizaliwa hapo, akawa anaongea lugha ya majirani vizuri kuliko mimi ninavyoongea Kiswahili. Nilikuwa fundi wa nguo. Yunifomu za shule, sketi za kwaya, hata nguo za kuzikia watu, zote zilipita chini ya sindano yangu. Cherehani yenyewe ilikuwa ya miguu, ya meza ya mbao. Kona ya meza ilipopasuka, mume wangu aliikunjia bati la mkebe wa mafuta ya kupikia, la manjano, akaligonga misumari. Upande wa kulia kulikuwa na droo. Kishikio chake kilipong'oka aliweka kipande cha mshipi wake wa suruali. Ndani niliweka bobini za uzi, makasi, chaki, na karatasi zetu za maana, yaani vitambulisho na kadi ya kliniki ya mtoto.

Mwaka ule wa vurugu za kura, jirani alikuja mchana. Ni mtu tuliyesali naye benchi moja, tukaazimana naye jembe, na gauni la harusi la mke wake nililishona mimi. Alisimama mlangoni bila kuingia, akamwambia mume wangu, "Ondokeni saa hii. Msingoje jioni." Hilo ninamhesabia mpaka leo. Kuna nyumba hazikupata mtu wa kusimama mlangoni.

Kwa ile haraka nilivuta droo nzima kwa sababu ya vitambulisho. Mume wangu alibeba mtoto. Nilimwambia afungue kichwa cha cherehani tukibebe pia, akasema kwani tunahama, si tutarudi mambo yakitulia. Kwa hivyo nilitoka nyumbani kwangu na droo kichwani kama mtu anayepeleka mandazi sokoni. Karibu na daraja tulikutana na vijana waliofunga barabara kwa magogo. Mtoto hawakumgusa, na mimi walinisukuma tu, lakini mume wangu walimpiga rungu la mgongo, na ule mgongo haukunyooka tena.

Kitale tulilala kwenye uwanja wa kanisa. Hapa nitasema ukweli kama ulivyo, maana uchungu haunipi ruhusa ya kudanganya. Kanisa ndilo lililotupokea. Serikali ilikuja baadaye na wapiga picha, lakini uji wa siku ya kwanza ulikuwa wa kanisa, na blanketi niliyomfunika mtoto wangu alikuja nayo mama mmoja mzee wa hapo, akaitoa begani mwake mwenyewe. Jioni moja walikuja vijana wa upande wetu wakitafuta wanaume wa kwenda kulipiza. Mume wangu akasimama, na mgongo wake ule uliopinda. Katekista wa pale, mtu mfupi, sauti kama ya kuku mwenye mafua, alimshika mkono. Hakumhubiria. Alimwambia tu, "Ukienda nenda, lakini huku kwa watoto usirudi kulala." Mume wangu alivuta mkono, katekista akaushikilia. Mwishowe mume wangu akakaa chini akalia. Waliokwenda, wengine hawakurudi. Mmoja aliyerudi tulikuwa tunakaa naye jirani hapa Kibomet, na alikuwa hawezi kula mbele ya watu.

Kwa hivyo yule kijana wa boda akisema dini ni biashara, mimi ninaukumbuka ule mkono.

Mume wangu aliishi miaka kadhaa akiwa mtu wa kukaa. Alipofariki nilikuwa ninashona kwa mashini ya kukodi, na ninashona kwa mashini ya kukodi mpaka leo. Anayekodi mashini ni kama mtu anayefuga ng'ombe wa wenyewe. Unamlisha, unamkamua, na maziwa yanakwenda kwao. Droo niliiweka chini ya kitanda na bobini zake ndani. Msichana wangu alikuwa akiuliza kwa nini siipasui ikawa kuni.

Halafu akina mama wa kanisa letu wakaalikwa kutembelea wenzao huko Bungoma, na mahali penyewe pakawa ni kule kule mbele ya Naitiri. Nilikuwa nimekataa. Rafiki yangu anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, karibu na mimi akaniambia niache kuogopa barabara, ati barabara haikunipiga. Nikaenda. Tuliimba, tukala ugali na kuku, tukaonyeshwa kanisa jipya. Kisha tukapelekwa kwenye chumba kilicho nyuma ya madhabahu kuona mradi wao. Wasichana walioacha shule wanafundishwa kushona hapo. Walikuwa wameinama, mmoja anakata, mmoja anapiga pasi ya makaa, na mmoja anakanyaga cherehani ya miguu yenye bati la manjano kwenye kona.

Upande wa kulia wa meza palikuwa wazi, kama mdomo wa mtoto aliyeng'oka meno.

Nilimwita mchungaji kando nikamweleza. Alikuwa kijana kuliko mimi, mwenye adabu, kiatu kimeng'arishwa. Alinisikiliza hadi mwisho na akashika kifua. Akasema hilo ni jambo zito, lakini yeye alipopelekwa pale aliikuta cherehani tayari, ilitolewa kama shukrani na mzee wa kanisa, na akanitajia huyo mzee. Alikuwa jirani yangu. Mchungaji akaniambia nije Jumapili fulani aliyoitaja, na nije na ushahidi, tuongee mbele ya wazee.

Rafiki yangu wa omena ndiye aliyesema nibebe droo. "Mdomo wako watasema unadanganya. Sasa hiyo droo watasema nini?"

Basi Jumapili hiyo nilifika mapema. Droo nimeifunga kwa leso, bobini nimezitoa nikaziacha nyumbani. Nilikuwa nimejipanga sana. Nilitaka cherehani, hilo ni wazi, maana nilishaona jinsi nitakavyoiweka mlangoni pangu na kumrudishia mama anayenikodishia mashini yake. Lakini nilitaka pia mtu mmoja aseme kwa mdomo wake, "Tulichukua." Cherehani ningeipata bila hilo neno ningeshukuru. Neno bila cherehani, nalo pia ningelipokea, nafikiri.

Jirani alikuwa amezeeka. Ana koti la wazee wa kanisa na fimbo. Aliniamkua vizuri, akauliza habari za mtoto, akanipa pole ya marehemu. Tukakaa kwenye chumba cha wazee, yeye, mimi na mchungaji.

"Shemeji," akasema, "mimi niliiokoa ile mashini. Ningeiacha, wangeichoma pamoja na nyumba."

Nikasema asante. Na nilimaanisha. Nikasema sasa basi nirudishie.

"Si yangu tena. Niliitoa kwa Mungu, nikaombewa mbele ya watu. Kumnyang'anya Mungu mimi siwezi."

"Ulipoitoa, ulimwambia Mungu ni ya nani?"

Alimwangalia mchungaji kama mtoto anayeangalia mamake akiulizwa jambo na mgeni. Mchungaji akaangalia saa, akasema watu wameshakaa, tuingie ibadani kwanza, haya ya dunia tutayamaliza baadaye. Akachukua droo mikononi mwangu, kwa heshima kabisa, ati anisaidie kubeba.

Cherehani ilikuwa mbele, imefunikwa kitambaa cheupe. Wasichana wa mradi walikuwa wanamaliza mafunzo na kanisa lingewabariki. Nilikaa benchi ya mbele nikafikiri, afadhali, ataongea mbele ya kila mtu.

Mchungaji akaniita nisimame karibu naye. Aliwaambia watu kwamba mimi ni mama niliyewahi kuishi hapa, nikaondoka wakati mgumu, shetani alipokuwa anachezea wananchi. Hakusema nani alimsaidia shetani kubeba mabati ya nyumba zetu. Kisha akainua droo juu. Akasema Mungu wetu ni Mungu wa kukamilisha. Akasema mashini hii imekaa miaka na pengo, na tazameni, mama ametoka Kitale bila kinyongo kuja kuliziba. Kanisa likapiga makofi. Wanawake wakapiga vigelegele.

Akajaribu kuiingiza. Ikakwama. Akasukuma, ikakwama, na watu wakaanza kucheka kidogo. Ile droo lazima uiinue upande wa kushoto kwa kidole, ndipo inateleza. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Sijui niseme nini zaidi. Mimi ni fundi, na kitu kikikwama mbele yangu mkono unaenda. Nikainua, nikasukuma, ikaingia ikafunga kwa mlio wake ule ule niliousikia maelfu ya asubuhi nikiwa mke wa mtu.

Wakasimama wote wakishangilia. Mchungaji akaniwekea mkono kichwani akaomba. Aliomba haraka, akiunganisha maneno, na ndani ya yale maneno akakabidhi droo, cherehani na mtoaji wake kwa kazi ya Bwana. Kanisa likaitikia Amina. Na mimi nikaitikia Amina.

Hiyo ndiyo ninayoijutia. Tangu nikiwa mtoto, mtu akifika mwisho wa maombi mdomo wangu hujibu. Hakuna aliyenifundisha kungoja kwanza niangalie nimeombewa nini.

Baadaye tulipewa chai. Hakuna aliyetaja mambo ya dunia tena. Mchungaji alikuwa na wageni. Mke wa jirani, yule niliyemshonea gauni, ndiye anayewafundisha wale wasichana. Aliniletea kikombe, akakaa kando yangu bila kuniangalia. Kisha akasema polepole, "Dada, mkanda wa ile mashini ukilegea, wewe ulikuwa unafanya nini?"

Nilimwambia aukate vidole viwili na kuufunga upya kwa waya, asinunue mwingine. Akasema asante. Akachukua kikombe changu akaenda kukiosha. Swali hilo ndilo ungamo lote nililowahi kupewa na nyumba ile. Mke alisema "ulikuwa", kama mtu anayejua mashini ilikuwa ya nani. Mumewe ana fimbo na koti, na hakufika hata hapo.

Nilirudi Kitale na leso iliyokunjwa.

Mwezi uliofuata nilienda kwa chifu wa kule. Alinisikiliza akiwa anakula karanga. Akasema, "Lakini mama, si nasikia ulileta hata droo? Ati uliombewa, ukaitikia mwenyewe. Sasa mimi nitaandika nini?" Hakuwa mtu mbaya. Alinipa karanga nikala njiani.

Nimefikiria sana kuhusu wale wasichana. Wanajifunza kazi, na kazi ni nzuri. Mmoja wao, nasikia, amefungua kibanda Kapsokwony na anasaidia wadogo zake. Siwezi kumchukia kwa hilo. Lakini hiyo shukrani iliyomfundisha ilitolewa na mtu asiyekuwa na haki ya kuitoa, ikabarikiwa na mtu aliyejua, na kila nguo inayotoka pale ina mguu wangu ndani yake. Mambo mawili haya yanakaa pamoja moyoni na hayapatani. Watu wa dini wananiambia nisamehe. Nauliza, nisamehe nini, maana hakuna aliyesema amekosa. Nikiwauliza hivyo wananiambia nina roho ngumu.

Kwa hivyo wale vijana wa benchi sijawahi kuwajibu. Kanisa lilimshika mume wangu mkono asiende kuua mtu, na kwa hilo alikufa akiwa na mikono safi. Mimi pia lilinishika mkono, mbele ya watu, nikiwa nimeenda kudai changu. Labda kuna msomi anayeweza kutoa moja kwa nyingine na kuniambia kinachobaki.

Jumapili bado ninaenda. Ninakaa nyuma na rafiki yangu wa omena. Maombi yakifika mwisho kanisa lote linaitikia, naye hunigusa kwa kiwiko akidhani nimesinzia. Niko macho. Nimefunga mdomo tu, kama vile nina pini.