Mashimo ya Nyasi na Cheti cha Ukutani

Siku ya kwanza kazini nilipewa buti na reki, nikapelekwa nyuma ya mtambo wa kumenya kahawa hapa Bugene. Kumenya ni kutoa ganda jekundu la nje kwa maji mengi. Maji yale yakitoka yana utelezi na uchachu, na wakati ule yaliteremka moja kwa moja hadi kijito tunachochota sisi wote wa bondeni.

Kisha wanunuzi wa nje wakaleta kanuni za kutunza mazingira. Sheria haikutulazimisha, kampuni ilikubali yenyewe ili ipate cheti chao. Meneja wa kwanza alituita uani.

"Akina mama, maji haya yasifike kijitoni. Nani ana wazo?"

Tulichimba mashimo matatu ya kuchujia maji. Tulijaribu kuyajaza mchanga, ukaziba. Tulijaribu kokoto, utelezi ukapita. Fundi mkuu, mtu wa Nyabiyonza asiye na maneno mengi, akajaza mashimo nyasi zile tunazotandaza kwenye migomba. Zikanasa uchafu. Zikishaoza tulizibeba vibanjani, ziwe mbolea ya migomba yetu. Msimu ule kila mtu alikuwa na wazo, hata mpishi. Cheti kikaja, kikatundikwa ukutani.

Na akili nazo zikatundikwa hapohapo. Kahawa iliongezeka, mashimo yakafurika. Fundi akamwendea meneja mpya, nami niko mlangoni na reki yangu.

"Bosi, niongeze mashimo mawili."

"Mkaguzi alipitisha mangapi?"

"Matatu."

"Basi ni matatu. Ukibadilisha, wataanza kutukagua upya."

Nikasema, "Baba, kijito kinanuka."

"Bibi, cheti tunacho."

"Hicho cheti huchotwa kwa ndoo?"

Fundi alicheka. Meneja hakucheka.

Fundi akahamia kampuni ndogo kule Chonyonyo, isiyo na cheti chochote. Anachimba na kufukua anavyoona inafaa. Nimekwenda kuangalia, maji yake hayana harufu. Ya kwetu mpaka leo yanawasha watoto ngozi.

Mimi nilipostaafu niliagwa kwa soda na kitenge. Ninyi mnaoanza kazi hizi, kanuni sizilaumu, ndizo zilizotuamsha. Nawalaumu waliopata cheti wakarudi kulala.

Juzi meneja alinipigia simu. "Shikamoo bibi. Mkaguzi anakuja, njoo umweleze mashimo yalivyoanza. Wewe unajua kueleza."

Nimekubali. Nitamweleza yalivyoanza, kisha nitamshika mkono nimteremshe kijitoni. Ndoo nimeshaiweka mlangoni.