Kapita Aliyefunga Hata Jumapili

Mtaa wa Waswahili, yaani Waislamu wa pale Gisenyi, ulikuwa na mafundi cherehani, madereva wa lori, wauza chumvi, na wajuaji wa kila jambo chini ya jua. Kitu kimoja tu haukuwa nacho: mtoto mwenye cheti cha darasa la sita. Usifikiri watoto wetu walikuwa wajinga. Mtoto wa mtaa ule akifika miaka saba alishajua kudanganya kwa lugha tatu, na ya nne alikuwa anajifunza. Lakini shule ilikuwa ya misheni, na misheni ilikuwa na mlango mmoja, na juu ya mlango kulikuwa na msalaba. Anayepita hapo awe Mkristo, au awe njiani kuwa Mkristo.

Faradji mtoto wa Saidati alipita. Alipitishwa na Languida, muuza samaki, jirani yao ukuta kwa ukuta, Mkatoliki wa kupiga magoti mpaka magoti yakaota sugu. Languida alimshika mkono mtoto akiwa bado na meno ya utoto, akampeleka kwa Padri Mkuu, akasema huyu ni mtoto wa dada yangu marehemu wa kule Nyamyumba, anaanza katekisimu, na jina linalomngoja siku ya ubatizo ni Straton. Dada mwenyewe hakuwahi kuzaliwa, achilia mbali kufa. Bon, basi, mwanamke aliyesema uongo ule alikwenda kuungama makosa mengine yote, hilo akaliacha.

Kwa hiyo asubuhi Faradji alitoka kwa mama yake akiwa Faradji, akavuka soko, na akifika penye miti ya misheni anakuwa Straton. Jioni anarudi kinyume. Alifanya hivyo miaka na miaka, na kila ubatizo ulipokaribia Languida alipata sababu ya kuusogeza. Mwaka elfu moja mia tisa hamsini na saba ukamkuta darasa la sita, mtihani mwezi wa saba, na nyuma ya mtihani kazi ya ukarani yenye kofia na kalamu. Baba yake, utingo wa lori za Bukavu, alishawatangazia wenzake njia nzima kwamba mwanawe atakuwa karani. Ukikamatwa kabla ya mtihani, alisema Languida, unatoka kwa mlango uleule ulioingilia, na mi nitaitwa mbele ya altare.

Sasa mwaka ule mwezi uliwachezea watu. Ramadhani iliingia wakati Kwaresima iko katikati. Wakristo wamefunga, Waislamu wamefunga, mji mzima una midomo mikavu, hata mbwa wa sokoni walikonda. Faradji alikuwa na miaka kumi na minne, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuifunga Ramadhani yote. Mama yake alimwambia shuleni kuna hatari, mwanangu, kula uji wao, siku utazilipa baadaye, Mungu si karani. Lakini vijana wa mtaani walikuwa na neno moja la kumuua mtu akiwa hai: kobe. Kobe ni yule anayekula mchana amejificha, kichwa ndani ya gamba. Faradji alikuwa anajificha mambo mengi tayari. Hilo moja alitaka alifanye wazi, angalau mbele ya Mungu.

Saa sita shuleni kila mwanafunzi alipewa kopo la uji. Yeye alichukua kopo lake, akazunguka nyuma ya jiko, akawapa wadogo kwa zamu.  Aliogopa mpishi, aliogopa wale wadogo wenyewe, aliogopa hata kuku wa misheni waliomtazama kwa jicho moja.

Na kweli alionwa. Alionwa na Padri Mkuu kutoka dirishani.

Padri huyu alikuwa Mzungu mrefu, ndevu mpaka kifuani, mwenye Kinyarwanda cha shambani na Kiswahili cha barabarani, vyote akivitia chumvi ya Kifaransa. Alimtazama kijana siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Halafu akaingia darasani kwa Mwalimu Harerimana, akamwita Straton mbele. Faradji alisimama. Akasikia moyoni: basi, imekwisha.

"Watoto," alisema Padri, "ninyi munafunga Kwaresima kwa mudomo. Huyu anafunga kwa tumbo, na chakula yake anapatia maskini. Donc, kwa hiyo, tangu leo, Straton ndiye kapita."

Darasa likapiga makofi. Faradji akainama, wakadhani ni unyenyekevu.

Kapita ndiye mkubwa wa wanafunzi. Anapanga mistari, anaongoza sala, anachunga darasa mwalimu akitoka. Aliyekuwa kapita kabla yake ni Hitimana wa Cyanzarwe, kijana wa mabega mapana aliyelitawala darasa kwa fimbo ya mkaratusi. Ukikohoa, fimbo. Ukicheka, mbili. Mwalimu Harerimana alichukua fimbo ile kwa Hitimana, akamkabidhi Faradji.  Hitimana alikaa kwenye benchi lake akamwangalia kapita mpya, na hakuacha kumwangalia.

Faradji hakupiga mtu. Wazee wa misheni baadaye walisema ni upole wa Kikristo. Upole gani? Mtu mwenye njaa tangu alfajiri hawezi kunyanyua fimbo ya mkaratusi. Na alijua kelele zikitoka darasani Padri atakuja, na Padri akija atamtazama tena, naye hakutaka kutazamwa. Basi alisema kwa sauti ndogo, koo limekauka, na wenzake wakanyamaza ili wamsikie. Aliyejua hesabu alimkalisha karibu na asiyejua, wanong'onezane, mradi pasiwe na ugomvi. Wachelewaji kutoka Mudende, wanaotembea na umande, hakuwaandika ubaoni. Aliwafundisha waingie kwa nyuma bila kugonga mlango. Wiki moja tu, darasa la sita likawa linasoma kama nyumba ya masista. Mwalimu Harerimana alikuwa anatoka kuvuta tumbaku yake kwa raha, anarudi anakuta sehemu za desimali zimekwisha. Kila sifa ilipoongezeka, Faradji alizidi kukonda.

Kwa sababu alishahesabu. Hesabu ya mwezi haihitaji diploma, hata sisi tulioishia darasa la pili tunaiweza. Pasaka itafika, Kwaresima itakufa, na Ramadhani itakuwa bado ina siku zake, zaidi ya wiki nzima. Siku ya Pasaka Wakristo wote watakula. Na kapita?

Wiki ya kabla ya Matawi Padri alitangaza jambo lililomnyima usingizi. Alisema anapita kwa Languida, akawapongeze waliomlea kijana wa namna hii. Languida alipopata habari alikimbia nyumbani, samaki wakabaki sokoni na nzi. Akamketisha Faradji chini ya msalaba, akampa kitabu cha katekisimu. Padri alipoingia uani, Saidati, mama yake Faradji, alikuwa hapo, hakupata muda wa kuondoka. Akashika kapu la samaki wa akiba, akajifanya mnunuzi.

Padri alisema mengi. Kwamba mtoto huyu ni taa. Kwamba Jumapili ya Matawi atamtaja kwenye mahubiri. Kisha akamgeukia yule mama aliyejitanda kitenge kichwani, ameinama juu ya samaki, akamwambia kwa wema kabisa kwamba naye, ingawa ni Mwislamu, angewaletea watoto wake mfano kama huu. Saidati alisema ndiyo, Padri, asante. Alichagua samaki mmoja, akamweka, akachagua mwingine. Faradji aliona mikono ya mama yake na akaelewa kwamba hofu si ya kwake peke yake. Yule mwanamke alisifiwa mtoto wake mbele ya macho yake na hakuruhusiwa hata kutabasamu.

Jumapili ya Matawi Padri alitimiza. Kanisa lote, kutoka milimani mpaka ufukweni, lilisikia kwamba wafunge kama Straton.

Pasaka ikafika na mvua ya Aprili. Baada ya Misa wanafunzi walipangwa barazani mwa shule, na Wakristo wakubwa wakasimama pembeni chini ya majani ya migomba waliyojifunika. Mbuzi wawili walikuwa wamechinjwa. Wali ulikuwa kwenye masinia, mvuke unapanda, mafuta yanang'aa. Na desturi ya pale ilikuwa hii: siku ya karamu kapita ndiye anayetia mkono wa kwanza. Yeye asipokula, hali mtu. Iliwekwa ili watoto wasigombane, na ilikuwa desturi nzuri sana, isipokuwa siku ile.

Padri mwenyewe alimletea sinia. Akachagua paja, akaliweka mbele yake.

Faradji alikuwa ameamua kula. Usiku alishaamua: atakula, siku atailipa, kobe na awe kobe. Alinyoosha mkono, akashika nyama, akaipandisha mpaka kidevuni. Hapo mkono ukakataa. Si ushujaa, usije ukamtungia wimbo. Alikuwa anaogopa pande zote mbili kwa uzito sawasawa, kama punda aliyefungwa kamba mbili. Nyama ikakaa hewani. Watoto wakaitazama. Mvua ikanyesha. Wali ukaanza kupoa.

"Kula, Straton," alisema Padri. "Kwaresima imekwisha. Mungu amefufuka."

Mkono haukusogea. Mtoto mmoja akaanza kucheka, akanyamaza.

Ndipo Hitimana aliposimama. Alikuwa ameliweka neno lake tangu siku ya fimbo, na alilisema polepole, kama mtu anayetandika mkeka.

"Padri, huyu hata Jumapili hakulaka. Kila Jumapili nilimufuata. Kwaresima yake haina Jumapili."

Yeyote aliyesoma katekisimu anajua kwamba Jumapili hazimo ndani ya mfungo wa Kwaresima. Hata mtawa anakula. Padri alijua. Faradji aliona ule ujuzi ukipanda usoni mwa Mzungu, kutoka kwenye ndevu mpaka kwenye paji la uso, kama maji yanayopanda kwenye kitambaa. Padri akatazama nyama. Akatazama upande wa mtaa wa Waswahili, ambako hapakuwa na moshi wa jiko hata mmoja. Halafu akatazama Wakristo wake wote pembeni, wale aliowaambia wafunge kama Straton.

 Faradji alishasikia mlango ukifungwa nyuma yake.

"Bon," alisema Padri kwa sauti kubwa. "Mutoto amefunga sana, tumbo imeharibika. Hitimana, we anza."

Hitimana alibaki mdomo wazi, kisha mdomo ule ukapata kazi, kwa maana mbuzi alikuwa mbele yake. Mkono wa Padri ukashika bega la Faradji na kumwongoza ndani ya ofisi. Mlango ukafungwa kweli.

Padri hakukaa. Alimuuliza jina lake. Akaambiwa lile la kweli. Akamuuliza yule mama aliyekuwa ananunua samaki ni nani. Faradji alitaka kusema simjui, na ulimi ukakataa kama mkono ulivyokataa.

"Ni mama yangu, Padri. Languida alisema uongo kwa ajili yangu mimi. Unifukuze mi, yeye umuache."

Padri alikwenda dirishani, akarudi. Alikuwa mwekundu shingoni, na Faradji hakujua kama ni hasira au ni kitu kingine. Alisema kwa Kifaransa maneno mengi ambayo darasa la sita halikufundishwa. Mwisho akainama, ndevu zikamgusa kijana.

"Nikikufukuza leo, watu wataniuliza kwa nini. Nitawaambia nini? Kwamba nilihubiri Ramadhani kanisani?"

Padri akanyooka. 

"Cheo ya kapita hauna tena. Katekisimu, sitakuuliza. Jumanne kuna shule. Ukifungua hiyo kinywa kabla ya mutihani, kwa neno au kwa kucheka, unatoka. Umesikia?"

Alisikia, lakini hakuamini. Alitoka kwa mlango wa nyuma, akapita sokoni kwenye mvua, akamweleza mama yake, na Saidati naye hakuamini. Walikaa Jumatatu nzima wakisikiliza njia. Kila aliyebisha hodi aliwasimamisha. Languida hakutoka kuuza. Alisema Mzungu akikasirika leo anaandika kesho, na anayeandikiwa ni mkubwa wake, na mkubwa wake hana aibu ya kuogopa, yeye hakumsifu Straton kanisani.

Jumanne Faradji alivuka soko. Mistari ilikuwa imepangwa, Hitimana mbele na fimbo yake. Alipita, fimbo haikumgusa. Wadogo wawili walimtazama kama wanaomngoja aseme jambo kwa ile sauti ndogo, naye akainamisha kichwa. Mlangoni mwa darasa alisimama Mwalimu Harerimana. Faradji akangoja asikie neno. Mwalimu akasogea kando, Faradji akapita.

Akakaa kwenye benchi lake. Imla ilianza. Alichovya kalamu kupita kiasi, tone la wino likaanguka katikati ya ukurasa, jeusi, kubwa kama mende. Mwalimu Harerimana akaliona, akasimama juu yake, akamwita mchafu, mzembe, mtoto wa kondoo, akamwambia aandike upya yote na asitoke mpaka amalize.

Hakuna mwanafunzi aliyewahi kutukanwa akafurahi namna ile: anayefukuzwa haambiwi aandike upya. Alichukua ukurasa mpya.