Si Punda Wetu

Gari moshi lilipunguza mwendo kabla ya kituo cha Zuzu, na Wadachi wa behewa la mbele wakaanza kupiga kelele kama watoto walioona ngoma inapita. Sisi wanafunzi tunaokaa behewa la nyuma, juu ya magunia na katikati ya kuku wa watu, tukachungulia tujue kuna nini. Mdachi mmoja alikuwa ametoa nusu ya mwili dirishani, darubini machoni, mkewe kamshika mkanda asidondoke. Nikatazama anakotazama. Mbali kule, chini ya mgunga, alisimama punda milia. Mmoja tu, tena mwembamba, mwenye sura ya mtu aliyefika shereheni watu wameshaondoka.

Nikasema kwa sauti, "Si punda wetu," nikacheka mpaka mama mmoja akamsogeza kuku wake mbali nami. Hakujua ninachocheka. Wewe rafiki yangu pia hujui, kwa hiyo kaa nikusimulie.

Nilikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka na mapya hayajaona haja ya kuja. Reli ilikuwa bado haijafika kwetu. Mwaka ule mvua ilitupita, na ghala la bibi likabaki na panya wawili wanaotazamana. Dawa ya njaa ya namna hiyo ilikuwa chumvi. Watu walishuka mbugani Bahi wakati wa kiangazi, wakakwangua udongo mweupe, wakauchuja kwa maji na kuyachemsha maji yale mpaka chumvi ikabaki chunguni, kisha wakaibadilisha kwa mtama kwa watu wa upande wa Kondoa. Bibi akaazima punda wa jirani, akanichukua na mimi.

"Mwanamke hasafiri bila mume," aliwaambia majirani akinishika kichwa, "na mume wangu ndiye huyu, ingawa hatafuni mfupa."

Kwetu bibi na mjukuu ni watani, na bibi yangu alikuwa mtani asiye na siku ya mapumziko.

Kule mbugani moshi ulituwasha macho na midomo ikapasuka, lakini sijawahi kula mlenda uliokolea kama ule. Bibi alisema tule tu, si kila siku maskini analala juu ya chumvi. Mifuko miwili ya ngozi ilipojaa, tukampakia punda na kuanza kurudi alfajiri: punda mbele, bibi katikati, mume nyuma na fimbo yake.

"Bibi, akija simba?"

"Utampiga."

"Akija tembo?"

"Utampiga."

"Na kifaru je?"

"Hapo kila mtu na mti wake."

Sijui kama kifaru alisikia anatajwa. Ndege waliruka wakipiga kelele, kichaka kikapasuka, na nilipogeuka nilimkuta mke wangu ameshafika juu ya mgunga, miiba na yote, ananinyooshea mkono. "Panda, mume wangu, panda! Ukifa wewe, nitaolewa na nani mimi?" Akanivuta kama ndoo ya kisimani. Kifaru akapita chini yetu akikoroma kama mwalimu wetu baada ya chakula cha mchana, akaenda zake. Tukashuka tukichomoana miiba. Punda hayupo.

Bibi hakucheka. Ilikuwa mara ya kwanza kuuona uso wake bila utani. Chumvi yote ilikuwa mgongoni mwa yule punda, na nyumbani alikuwapo mama, ananyonyesha, na wale panya wawili.

"Simba akimpata kabla yetu," alisema polepole, "tutakwenda kupika fimbo yako."

Bahati yetu, miiba ilikuwa imeutoboa mfuko mmoja, na punda alikimbia akituachia alama. Bibi aliinama, akagusa weupe ule kwa kidole, akaonja. "Ni yetu." Tukaenda. Kila alama ilipopotea tuligawana, yeye aonje huku, mimi nionje kule. Safari moja nililamba kitu cheupe ambacho, kama nilivyogundua baadaye, kilitoka kwa mbuni.

"Ni yetu?" akauliza bibi.

"Si yetu," nikasema, nikitema mate.

Hapo akacheka kidogo, nami nikajua bado hatujafa.

Basi siku nzima tukaupita uwanda ule namna hiyo, pua chini. Twiga walitutazama juu ya migunga kama wazee wa baraza. "Bibi, twiga!" Hata kichwa hakuinua: "Si punda wetu." Mbuni walikimbia kama wanawake waliopandisha nguo kuvuka mto. "Si punda wetu." Ngiri na watoto wake, mikia juu, pofu wakubwa kama ng'ombe, wenye mashavu ya kunenepa, swala wasiohesabika. Si punda wetu, si punda wetu. Tuliwakuta tembo dimbwini, tukazunguka mbali upepo usitusaliti, na nilipomnong'oneza bibi kwamba kuna tembo, alijibu, "Nimewaona. Kuna mwenye mifuko?"

Ila mara moja, kwenye mwinuko wa mawe, alisimama. Akanipandisha mabegani. "Tazama vizuri, mume wangu, macho yangu yamechoka." Nikatazama. Mpaka mbingu inapogusa ardhi, nchi ilikuwa inatembea. Macho ya bibi siku zile yalimwona mwewe kabla mwewe hajamwona kifaranga. Nilikuja kufahamu nikiwa mkubwa kwamba hakuninyanyua kwa ajili ya punda.

Jua lilikuwa limeanza kulala tulipolikuta kundi la punda milia limesimama duara. "Bibi, punda milia." "Si punda..." akaanza, akainua kichwa. Katikati ya michirizi ile kulikuwa na mgongo mmoja wa kijivu. Punda wa jirani alikuwa amefumba macho kama bibi harusi anayepakwa mafuta, na wenyeji wake wanailamba mifuko yetu.

"Wezi nyie!" Bibi alivua kaniki ya mabegani akaipeperusha, akapiga vigelegele vya kuua. "Mmevaa nguo za sherehe mje kulamba jasho la watu!" Wakatimka. Punda wetu naye akataka kuondoka na shemeji zake, nikamkamata mkia, akanipunguzia jino jingine kwa teke. Nilimshika mpaka bibi akafika.

Chumvi ilibaki mfuko mmoja na kidogo. Mtama tulioupata haukutosha, lakini ulitufikisha kwenye mvua. Mdogo wangu aliyekuwa ananyonya mwaka ule sasa ananishinda mbio, na kila akinipita namshukuru yule mwanamke aliyelamba ardhi toka asubuhi hadi jioni.

Kisha reli ikaja na filimbi yake, na watu wa bunduki wakaja na reli. Pembe zilipakiwa mabehewani, na wanyama waliobaki wakahamia mbali. Punda wa jirani alikufa kwa uzee. Chumvi sasa tunanunua dukani.

Niliposhuka Zuzu nilimkuta bibi kizingitini kwake. Macho yake yameingia ukungu mweupe, lakini aliijua miguu yangu.

"Mbukwa, mume wangu," akanisalimu. "Umeona nini njiani?"

Ningemwambia nini? Punda milia mmoja, mwembamba?

"Twiga, bibi. Wamejaa kandokando ya reli."

Uso wake ukafunguka. "Si punda wetu."

"Mbuni wakashindana na gari moshi."

"Si punda wetu."

"Tembo, bibi, na watoto. Na punda milia, uwanda mzima."

Akaugeuza uso upande gari moshi lilikokwenda. Kimya kilichosikika huko alikisikia kuliko mimi.

"Mwenye mifuko hukumwona?"

"Sikumwona, bibi."

"Basi hukutazama vizuri." Akanipapasa mpaka akalipata bega. "Inama nikupande mgongoni."

Nikainama. Alikuwa mwepesi kuliko mfuko wa chumvi. Nikatoka naye mpaka nyuma ya nyumba, uwanda ulikokuwa umelala mtupu, nikaanza kumsimulia tena, na twiga wa kwanza.