Mkono Wangu Ulibaki Juu

Jamani, leo nimepata mkazi mpya nyumbani kwa kuinua mkono tu.

Kuna mzee hapa Gisozi, Mzee Saidi. Mchana anabeba vitanda vipya vya watu, usiku analala chini ya meza ya seremala.

Leo umudugudu wetu, mtaa mzima, ulikutana kukagua orodha ya wapiga kura. Mzee kitambulisho anacho, ila bado ameandikwa kule Kinyinya, kwenye chumba alichofukuzwa zamani. Ili apigie kura hapa, lazima aandikwe kwenye nyumba ya hapa.

Mkuu wa umudugudu akauliza, "Nani anamfahamu huyu mzee?"

Mikono juu, wote! Umuganda gani wa kusafisha mtaa tumewahi kufanya bila yeye?

"Haya. Anakaa kwa nani?"

Mikono yote chini.

Mimi nilikuwa nachezea simu. (Ndiyo, mnanijua.) Mkono wangu ukabaki juu peke yake.

"Asante sana, Mama Zaituni. Mwandikeni kwake."

Watu wakapiga makofi. Makofi! Ungeushushaje mkono hapo?

Tangu saa hiyo sikai, sisimami. Baba Zaituni bado hajui. Zipu ya gauni la mteja nimeishona kichwa chini.

Sasa hivi nachungulia, namwona Mzee Saidi ng'ambo ya barabara, anaitazama nyumba yetu. Nikatoka mbio nimweleze kwamba, unajua, mambo yale ni ya kura tu.

Sijafungua mdomo, akasema, "Usihangaike, mama. Nilitaka tu kuona rangi ya geti, wakiniuliza nijue la kusema."

Akaenda zake.

Geti nimelifunga. Nimelifungua. Nimelifunga tena.

Ninyi mngefanyaje?