Mstari Uliomtoa Mbuyi Nyumbani

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia chumba cha mashine nikiwa nimevaa abacost, ile suti isiyo na tai, ya kaka yangu, mabega yakinipwaya. Ndani kulikuwa na baridi, maana kompyuta ya kampuni ya shaba ilipewa hewa nzuri kuliko watu wa kwenye tanuru. Aliyenipokea ni Citoyen Mbuyi, yaani Mwananchi Mbuyi kama tulivyoitana enzi hizo, kiongozi wa timu ya programu, mzaliwa wa hapa hapa Lubumbashi wa wazazi waliotoka mkoa wa Kasai, kwa hiyo wengine bado walimwita mgeni. Alinitazama akacheka kidogo. "Weye, usiogope hii machine," akasema. "Haina akili. Iko nafanya tu kile unaiambia, hata ukiiambia bujinga."

Nilifanya kazi chini yake kwa miaka mingi, tangu enzi za kadi zenye matundu hadi tulipoletewa mashine yenye skrini. Zamani programu ikikosea, ulichapisha karatasi rundo zima ukainamia mezani mpaka shingo iume. Mashine mpya ilikuja na chombo cha kusaka makosa, tukakiita debogeri. Kinaendesha programu hatua kwa hatua, na mshale kwenye skrini unakuonyesha mstari unaotekelezwa wakati huo. Ninyi vijana mnakiona kitu cha kawaida, lakini sisi nusura tukipigie makofi.

Debogeri ina udhaifu mmoja, na msipouelewa hamtauelewa uchungu wangu. Maandishi unayoandika, yaani chanzo, au source, hutafsiriwa kwanza kuwa lugha ya mashine. Katika kutafsiriwa, programu hukariri jina la repertwari, yaani folda, ambamo chanzo kilikuwa, pamoja na namba za mistari. Debogeri ikitaka kukuonyesha mstari, inakwenda kuutafuta humo. Kama chanzo kimehamishwa, au folda imebadilishwa jina, ni juu yako kuiambia pa kwenda. Ukiielekeza kwenye nakala nyingine, itakuletea mstari wenye namba ileile kutoka maandishi mengine kabisa. Yetu haikulinganisha hata tarehe.

Kwa mazoea ya ofisi, kila mtu aliipa repertwari yake jina lake la ubatizo. Yangu ilikuwa Philippe, ya Mbuyi ilikuwa Alphonse. Kisha akaja Chef de Division mpya, yaani mkuu wa idara yetu, mtu wa Chama tawala, aliyepewa villa kule Golf, mtaa wa wakubwa. Alikaa miezi michache, ndipo siku moja akatoka mkutano wa Chama, kilichokuwa kimepiga marufuku majina ya ubatizo, na kuyaona majina hayo. "Citoyens, mu Zaïre hakuna tena ba-Alphonse," alisema. "Haya majina itoke leo." Tukazipa repertwari majina ya mito, Alphonse ikawa Lufira, Philippe ikawa Luapula. Programu zilizotafsiriwa kabla ya hapo ziliendelea kukumbuka majina ya ubatizo, na hakuna aliyejali, kwa kuwa zilikuwa zikifanya kazi.

Wakati huo kampuni iliwapa wafanyakazi unga kila mwezi kulingana na ukubwa wa familia, na programu yetu ndiyo iliyochapa majina ya wa kupewa. Mwezi ule wa kwanza baada ya kuhesabiwa upya watoto, safari hii pamoja na wale wa kulelewa, familia kubwa hazikuonekana kwenye orodha. Wanawake wa kambi ya wafanyakazi walisimama mbele ya kantini na mabeseni matupu, wengine na watoto mgongoni. Wakubwa wa Chama wakasema ni hujuma, na kwamba mtu lazima apatikane.

Chef de Division alifungua debogeri mbele ya Directeur, mkurugenzi wetu, na watu wawili wa Chama. Ikamwambia chanzo hakionekani, maana ilikuwa inamtafuta Alphonse ambaye hayupo. Badala ya kuielekeza Lufira, akaielekeza kwenye disko la akiba, tulikoweka nakala za zamani. Mshale ukasimama. Juu ya ukurasa kulikuwa na jina la Mbuyi.

"Ni ule muntu wa Kasai," alisema mmoja wa Chama.

Nilikuwa nimesimama nyuma yao, nikaona kitu cha ajabu: mshale ulikuwa juu ya mstari wa maelezo, yale maneno tunayojiandikia wenyewe ambayo mashine huyaruka. "Chef," nikasema, "mushale iko pa commentaire. Machine haisomaka commentaire. Hii source haiko yenyewe."

"Nani alikuuliza weye?" akajibu bila kugeuka.

Wiki ile ile Mbuyi alifukuzwa. Kufukuzwa hakukuwa kukosa mshahara tu. Nyumba ilikuwa ya kampuni, shule ya kampuni, na hospitali alikotibiwa sukari mke wake, Mama Ngalula, nayo ya kampuni. Waliambiwa wahame kabla mwezi haujaisha. Nilikasirika mpaka nikakosa usingizi.

Asubuhi moja nikaiambia debogeri neno moja tu: popote unapokumbuka Alphonse, tafuta Lufira. Mshale ukaanza kutembea kwenye mistari ya kweli, ukasimama panapohesabiwa watoto. Palikuwa na nafasi za watoto wanane, na familia yenye zaidi ya hao ilirukwa yote. Pembeni paliandikwa kuwa ni marekebisho, na herufi za mwanzo za jina la Chef de Division. Alikuwa ameyafanya mwenyewe alipofika, kabla ya ile amri ya majina. Labda kule Golf watu huishia watoto wanane. Kambini unalea wako, wa marehemu dada yako, na wadogo wa mke wako. Mbuyi, aliyekuwa na nyumba ya namna hiyo, asingeandika kitu kama hicho.

Nikamwita Directeur. Alisoma mstari ule, akazisoma na zile herufi.

"Ni kweli," akasema. "Umefanya kazi muzuri. Tengeneza hapa, bantu bapate bunga."

"Na Citoyen Mbuyi, Directeur?"

"Ile Chama ilishasema. Haiwezi kurudia nyuma."

Unga ukatoka. Chef de Division akapongezwa kwa kugundua hujuma haraka, na mimi nikapelekwa ghala la kampuni katika mji wa Likasi kuhesabu vipuri. Sijawahi kuwasamehe, wala sitafuti kuwasamehe.

Kabla ya kuondoka nilimtembelea Mbuyi katika vyumba viwili alivyopanga mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Mama Ngalula alikuwa amelala, miguu imevimba. Nikamweleza Mbuyi yote.

"Directeur aliona na macho yake?" akauliza.

"Aliona."

"Ingekuwa muzuri uniambie hakuona." Mama Ngalula alifariki kabla ya mvua, nami nikapata habari Likasi baada ya mazishi.

Sasa nimestaafu, naishi mtaa wa Kampemba. Vijana wenye kompyuta zao huja nyumbani kuniuliza, nami nawaonyesha jinsi ya kuiambia debogeri mahali pa kutafuta chanzo. Bado ni amri moja tu. Wanafurahi mshale unapokaa pake.

"Na mukishaona kosa, papa, kulikuwa nini tena?" aliniuliza mmoja juzi.

Nikamwambia kwamba unga ulitoka, na Mbuyi akahama nyumba.